Nzuri, Ila: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Idara ya Kiingereza

Mkuu wa Idara,
Idara ya Kiingereza kwa Wageni,
Chuo cha Jamii,
Jengo la nyuma, karibu na maegesho.

YAH: MALALAMIKO YA MWANAFUNZI WA NGAZI YA TATU

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Ukitaka kujua hali yangu, mimi pia ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Najua kutoka darasani kwetu hadi ofisini kwako ni hatua arobaini, lakini katika mihula mitatu mlango wako sijaukuta wazi hata siku moja. Kwa hiyo neno "mbali" naomba libaki.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ya utii. Kitabu chetu cha kiada nimekipekua hadi jalada la nyuma na somo la kulalamika sikuliona. Lipo la kuagiza kahawa. Lipo la kuuliza njia ya kwenda makumbusho. Lipo la kurudisha dukani shati lisilokutosha, na hapo nilidhani angalau sauti zitapanda kidogo, lakini muuzaji alikubali papo hapo na wote wawili wakashukuriana. Nikaona si adabu kuitangulia silabasi.

Nikukumbushe tulivyofahamiana. Mimi ni mtu wa Fizi, Kivu Kusini, niliyekulia katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Humo nilifundisha hesabu kwa miaka minane, tena kwa Kifaransa, maana shule zetu zilifuata mtaala wa Kongo ingawa ardhi ilikuwa ya Tanzania. Kisha nikaletwa Marekani kama mkimbizi, na siku ya kujiandikisha chuoni kwako nilipewa fomu yenye swali hili: lugha yako ya kwanza ni ipi? Kisanduku kilikuwa kimoja. Mama alinibembeleza kwa Kibembe, baba alinigombeza kwa Kifuliiru, sokoni nilinunua kwa Kiswahili, shuleni nilichapwa kwa Kifaransa, na Warundi walipohamia jirani yetu mwaka 2015 nikajifunza Kirundi cha kuazimana chumvi. Nilimuuliza karani niandike ipi. Akanihurumia, akaniandikia mwenyewe maneno ambayo baadaye nilitafsiriwa: mtu mwenye uwezo mdogo wa Kiingereza. Lugha tano zikaingia kwenye kisanduku na kutoka zikiwa upungufu mmoja.

Kisha nikakalishwa mbele ya kompyuta nifanye mtihani wa kupangiwa ngazi. Habari ya kusoma ilimhusu mbwa aliyepelekwa kwa daktari wa meno. Niliirudia mara tatu, nikiamini nimekosea maana ya neno moja, ama mbwa ama meno. Mwisho nikachagua jibu la mtu mwenye akili timamu: kwamba mgonjwa alikuwa mtoto. Kompyuta ikanipeleka Ngazi ya Kwanza. Siku hizi nimewaona mbwa hao na madaktari wao, na nakiri kosa. Ila mtihani ule ulinipima ujuzi wa mifugo, Mheshimiwa. Lugha haukuigusa.

Sasa tuje kwenye ngazi zenyewe. Nimesoma kwamba chuo cha kwanza cha umma cha aina yenu kilifunguliwa mwaka 1901 kule Joliet, Illinois, na kwamba mwaka 1947 tume ya Rais Truman ilitaka vyuo vya jamii vienee ili mlango wa elimu ya juu usifungwe kwa mtu wa kipato cha chini. Nashuhudia kwamba mlango wenu uko wazi kweli. Tatizo ni kwamba ukishaingia unakuta ngazi sita, kila moja muhula mzima, na krediti zake hazihesabiwi kwenye shahada yoyote. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali ya kutulipia masomo, nayo ina kikomo chake, mihula 12 ya masomo ya muda wote katika maisha ya mtu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hesabu hii haikuhitaji Kiingereza: sita kati ya kumi na mbili ni nusu. Nusu ya chakula cha safari inaliwa kabla basi halijatoka stendi. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakujua kwamba chuoni kwako hata nafasi ya kushuka hatupati, maana hatujafika juu.

Sisemi mna haraka na sisi, wala sisemi mmetuchelewesha makusudi. Nashangaa tu vipimo vya nchi yako. Marekani ilijitangazia uhuru mwaka 1776, ikaja kupata lugha rasmi ya taifa zima kwa amri ya rais tarehe 1 Machi 2025. Miaka 249 ya kutafakari kama kweli inazungumza Kiingereza! Sisi tulioshuka uwanja wa ndege na mifuko ya plastiki yenye karatasi zetu, shirika la kutupokea lilikuwa na siku 90 za kutushughulikia, kisha kila mtu na lwake, na baada ya miezi sita barua za deni la tiketi ya ndege zikaanza kuingia. Kwetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siwalaumu kwa jembe, mlilitoa mapema: kazi ya shifti ya usiku katika kampuni ya nyama. Kilichochelewa ni maneno ya kumwambia mwenye shamba kwamba mpini umevunjika.

Naomba hapa nimtoe mwalimu wetu lawamani. Analipwa kwa darasa kama kibarua, anafundisha katika vyuo vitatu, na ofisi yake ni buti la gari. Hana kosa. Anafundisha kilichomo kitabuni, na kilichomo kitabuni ni watu wasio na matatizo.

Nikupe mfano wa somo la siku ya kuzaliwa. Tulikaa wawili wawili tuulizane. Nikamuuliza mama wa Uvira, akanijibu tarehe 1 Januari. Akaniuliza mimi, nikamjibu tarehe 1 Januari. Meza ya pili, Msomali na Mburma, nao ikawa tarehe 1 Januari. Mwalimu akafikiri hatujaelewa swali, akalirudia polepole. Tulilielewa, Mheshimiwa. Karani wa wakimbizi akikosa tarehe yako hukuandikia hiyo. Darasa la watu ishirini, kumi na mmoja tumezaliwa siku moja, na siku hiyo chuo kimefungwa, kwa hiyo hata keki hatujawahi kukatiwa.

Au somo la kutoa ulimi. Wiki nzima tulifundishwa kuuweka ulimi katikati ya meno ili tutamke sauti ngumu ya Kiingereza, huku tumeshikilia vioo vidogo. Sisi wa upande wa Kongo tulistahili, tunasema "selasini" na "zahabu" tangu utotoni. Lakini kulikuwa na dada wa Tanga, aliyekuja duniani akisema thelathini na dhahabu, thamani na dhamana, naye akapewa kioo chake. Alipojaribu kueleza kwamba sauti hizo anazo kwao, akasifiwa kwa kuzitamka vizuri baada ya somo moja tu. Juu ya tahajia nitanyamaza. Sisi tuliozoea neno kusomwa kama lilivyoandikwa, tulipooneshwa "though", "through" na "cough" ubaoni tulidhani mwalimu anatutania, na kwa heshima tukacheka.

Haya yote ni madogo, na ningeyameza. Lililonifanya nishike kalamu ni la mama wa Uvira.

Mama huyu hukata nyama kwenye laini kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, na saa tatu yuko darasani, kiti cha mbele. Majira ya baridi yaliyopita vidole vitatu vya mkono wake wa kulia viliacha kuhisi. Kisu alikuwa akikishika kwa kukitazama. Msimamizi akamtuma kwa muuguzi wa kampuni, akaenda peke yake, bila mkalimani. Muuguzi akamkaribisha kwa tabasamu, akamuuliza anaendeleaje. Na mama, ambaye kwenye mtihani wa kuzungumza alipata alama zote, akajibu kama ukurasa wa nne unavyoagiza, matamshi safi, ulimi mahali pake: "Fine, thank you. And you?" Muuguzi akaandika alichokisikia. Mama akarudishwa kwenye laini kabla ya mapumziko.

Mheshimiwa, yule mama hakukosea Kiingereza. Alidanganywa na Kiswahili chake. Kwetu salamu hujibiwa "nzuri" hata msibani. "Habari za hapa?" "Nzuri tu." Kisha kimya kidogo. Kisha: "Ila tumeondokewa." Nzuri ile ya kwanza ni hodi tu, habari yenyewe inakuja nyuma ya "ila", na mwenye kuuliza anajua kwamba kazi yake ni kusubiri. Mama alijibu hodi, akasubiri asubiriwe. Muuguzi alikuwa ameshageukia kompyuta.

Hicho ndicho kisichomo kitabuni. Mmetufundisha Kiingereza cha kuomba, cha kuomba kalamu, kuomba njia, kuomba radhi kwa namna saba, na kila mazungumzo yakaishia kwenye shukrani. Kiingereza cha kudai hamjakigusa. Hatujui kusema "hapana, sivyo", wala "naomba uniandikie hilo", wala "sisaini nisichokielewa". Anayejua kuomba tu huonekana hana ila, na mtu asiye na ila ni mfanyakazi mzuri sana. Nisingependa kufikiri kwamba mliliona hilo kabla yangu.

Kwa heshima na taadhima, naomba ofisi yako ifikirie yafuatayo:

1. Fomu ya kujiandikisha iongezewe visanduku. Wino nitachangia.

2. Krediti za ngazi zihesabiwe kwenye shahada. Mwanafunzi wa Kimarekani akisoma Kifaransa cha mwaka wa kwanza huambiwa amesoma lugha ya kigeni na anapewa krediti. Sisi tukisoma lugha ya kigeni tunaambiwa tunajaza shimo.

3. Somo la mbwa na meno lipishe somo la mkono uliokufa ganzi. Wahusika wawe muuguzi na mkata nyama, na mazungumzo yaendelee baada ya "fine". Mama wa Uvira yuko tayari kusaidia kuyaandika, maana sasa maneno yake anayo. Alifundishwa na kijana wa Guatemala kwenye foleni ya kuvua aproni, kwa dakika kumi, bila ada. Wiki iliyofuata alirudi kwa muuguzi, akaanzia mwisho: mkono kwanza, salamu baadaye. Alionekana hana adabu, na akapelekwa hospitali.

4. Darasa la asubuhi lisogezwe mbele kidogo, tupate kulala. Usingizi nao hauna Ngazi ya Kwanza, mtu anaujua tangu tumboni.

5. Keki moja, tarehe 2 Januari, chuo kikifunguliwa au la.

Ikiwa barua hii itakushinda kusoma, usione haya. Kila mtu huanzia mahali. Njoo Jumamosi kwenye kanisa letu, tutakupima kwa habari fupi ya mbuzi wa kafara na bibi harusi, na tutakupangia ngazi inayokufaa. Kwetu huwa tunaanza na salamu, na darasa zima hukaa kimya mpaka mgeni amalize kujibu.

Naomba kuwasilisha. Mimi ni mzima wa afya, ila kama nilivyoeleza hapo juu.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi, Ngazi ya Tatu
(mzaliwa wa tarehe 1 Januari)