Beki wa Akiba na Mkataba Unaokwisha: Majibu kwa Wasomaji wa Mwisho wa Reli

Katika barua zilizoifikia safu hii kutoka Kigoma Mjini, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, shida iliyojitokeza zaidi msimu huu si ya ndoa wala ya mirathi, bali ni ya beki wa akiba, yaani mlinzi aliyesajiliwa na timu akijua, na timu ikijua, kwamba kwa kawaida atakuwa benchi, na ambaye sasa mkataba wake unakwisha huku viongozi wakishindwa kuamua kama wamwongezee au wamwache. Utaratibu wa safu ni ule ule: shida inaelezwa bila kutaja jina la mwenye nayo, istilahi zinafafanuliwa pale zinapojitokeza, kisha ushauri unatolewa, na aliyeshauriwa ana hiari ya kuufuata au kuufungia vitumbua.

Barua ya kwanza ni ya mwenyekiti wa timu ya mtaa huko Mwanga, ambaye anaeleza kwamba beki wake wa kati mwenye umri wa miaka 31 alicheza mechi nne tu msimu mzima, akasababisha penalti katika mojawapo, na kwamba kamati imegawanyika pande mbili zisizosalimiana: upande mmoja unataka aachwe na nafasi yake apewe kijana mwenye mbio kutoka Kasulu, na upande wa pili, wenye wazee wengi, unashikilia kwamba mtu hamtupi mlinzi wa nyumba kwa sababu mwaka huu wezi hawakuja.

Kabla ya kumjibu mwenyekiti ni lazima kieleweke kile ambacho mashabiki wa Tanzania wanakiita kikosi kipana, maneno yanayotumika zaidi kwa majigambo kuliko kwa hesabu. Kikosi kipana si wingi wa majina kwenye karatasi ya usajili, bali ni hali ambayo timu ikimkosa mchezaji wa kwanza katika nafasi fulani, kwa jeraha, kwa kadi au kwa msiba, haihitaji kuhamisha watu wengine wawili ili kuliziba pengo hilo moja. Kwa kipimo hicho timu nyingi zinazojisifu kuwa na kikosi kipana zina washambuliaji saba na beki wa kati mmoja na nusu, ile nusu ikiwa ni kiungo anayerudishwa nyuma kwa kubembelezwa.

Jambo la pili ambalo kamati ya Mwanga haikulizingatia ni kwamba akiba ya mbele na akiba ya nyuma ni kazi mbili tofauti. Tangu sheria ya wachezaji watano wa kubadilishwa ilipoletwa kwa muda mwaka 2020, wakati wa janga la korona, na kufanywa ya kudumu mwaka 2022, walionufaika zaidi ni washambuliaji na viungo, kwa sababu mwalimu anayetafuta bao huingiza miguu mipya mbele na kuiacha safu ya ulinzi ilivyo, akihofia kuvuruga maelewano yake. Mshambuliaji wa akiba basi huingia akiwa amepasha misuli robo saa nzima, timu ikiwa nyuma kwa bao, na akikosa hakuna anayemlaumu. Beki wa akiba huingia kwa ghafla mwenzake anapobebwa kwa machela, soksi zikiwa bado zimeshuka, timu ikiongoza bao moja bila, na mpira wa kwanza anaokutana nao ni wa kona. Kumpima mtu wa namna hiyo kwa idadi ya mechi ni kosa la hesabu, na kumpima kwa penalti moja ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa makosa ya beki huzaa bao na hukumbukwa, ilhali makosa ya mshambuliaji huzaa mpira wa goli tu. Swali linalofaa kuulizwa na kamati ni lile ambalo mwalimu wa timu pekee anaweza kulijibu: katika mechi hizo nne timu ilikuwa na matokeo gani alipoingia, na ilikuwa na matokeo gani filimbi ya mwisho ilipopulizwa?

Hapa jiografia nayo ina neno lake. Klabu ya Dar es Salaam ikikosa beki wiki moja kabla ya mechi ya kirafiki hupata wa kujaribiwa kwa safari ya daladala, lakini Kigoma ipo mwisho wa Reli ya Kati, iliyoufikia mwambao huu mwaka 1914, kiasi cha kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na ligi inapokuwa inaendelea dirisha la usajili kwa sehemu kubwa huwa limefungwa, yaani kile kipindi ambacho kanuni zinaruhusu klabu kuandikisha wachezaji kimepita, kwa hiyo hata anayekubali kupanda treni usiku na mchana hawezi kuvaa jezi. Timu ya huku inacheza na ilichonacho.

Mfano upo mlangoni. Mashujaa FC, timu ya jeshi yenye makao yake Kigoma, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya kuitoa Mbeya City katika mechi za mchujo, na Aprili 2024, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, iliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa penalti 6-5 baada ya sare ya 1-1. Wengi wanaikumbuka siku hiyo kwa vigelegele, lakini kwa mada hii yenye thamani ni ile hesabu ya sita kwa tano. Timu haiwezi kufunga penalti sita kwa wapigaji watano; matokeo hayo hayapatikani mpaka orodha ya watano walioteuliwa imalizike na mwalimu aanze kuwatazama usoni waliobaki, ambao kwa kawaida wengi wao ni mabeki waliokuwa wakiomba kimyakimya zamu isiwafikie. Kwa maneno mengine, mechi kubwa huweza kuamuliwa na mtu ambaye hakuna aliyemfikiria wakati wa kusaini.

Kuhusu umri, kamati ya Mwanga ingefaa kumtazama Erasto Nyoni, ambaye mashabiki walimpachika jina la kiraka, maana yake mchezaji anayeweza kupangwa nafasi nyingi kulingana na tundu lililojitokeza. Tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars ilipoifunga Uganda mabao 3-0 jijini Dar es Salaam na kufuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980, mabao mawili kati ya hayo yalifungwa na watu wa nyuma, Nyoni kwa penalti na Aggrey Morris. Simba iliachana na Nyoni mwaka 2023 akiwa amevuka miaka 30 kwa mbali, na Namungo ya Ruangwa, klabu isiyo na ubavu wa kununua uzoefu wa aina hiyo ukiwa bado mpya, ikamchukua mwaka huo huo. Na kama mfano wa mwanadamu hautoshi, wajumbe washuke bandarini wakaulizie habari za MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa 1924, na kuanzia 1927 ikaongezewa mkataba ambao umevuka kizazi baada ya kizazi; ingawa ni haki kuongeza kwamba Liemba nayo imekuwa ikidai matengenezo mara kwa mara, na beki wa miaka 31 hana budi kutengewa fungu la dawa ya kuchua.

Ushauri kwa mwenyekiti, kwa hiyo, ni kumwongezea mwaka mmoja na si miwili, kwa posho ile ile, huku akielezwa waziwazi mbele ya kamati kwamba yeye ni chaguo la tatu, kwa sababu kinachomchosha mchezaji wa akiba si benchi bali ni kudanganywa kila Ijumaa kwamba kesho anaanza. Kijana wa Kasulu asajiliwe pia. Mbio zake zitamsaidia kurudi pale alipokosea kusimama, na wa kumfundisha mahali pa kusimama ni huyo huyo mzee anayetaka kufukuzwa. Ikiwa fedha inatosha mmoja tu, aachwe mshambuliaji wa saba.

Barua ya pili imetoka Mwandiga kwa mke wa mchezaji wa kulipwa aliye katika klabu ya mkoa mwingine, ambaye mumewe amekaa benchi karibu msimu mzima akiwa na mwaka mmoja zaidi wa mkataba, mshahara unachelewa, na shemeji zake wanashauri arudi nyumbani wafanye naye biashara ya mawese. Bibi huyo asiwasikilize mashemeji kabla ya kuzisikiliza kanuni. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa, FIFA, kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinatambua kitu kinachoweza kuitwa sababu halali ya kimichezo, ambayo kwayo mchezaji wa kulipwa aliyekwisha kukomaa kisoka, akiwa ameonekana katika chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu yake msimu huo, anaweza kuomba kuuvunja mkataba kabla ya muda wake. Kwa klabu iliyocheza mechi 30 za ligi peke yake, asilimia hiyo ni mechi tatu, na hivyo aliyeonekana katika mbili anaingia na aliyeonekana katika tatu anabaki nje, hata kama ile ya tatu aliingizwa dakika ya 89 ili kupoteza muda. Haki hiyo hutumika ndani ya siku 15 baada ya mechi rasmi ya mwisho ya msimu, hali ya kila mchezaji huzingatiwa peke yake, na fidia kwa klabu yaweza kudaiwa, kwa hiyo si mlango wa kutokea kwa hasira.

Mshahara ni habari nyingine, na kwa mume wa bibi huyo ndiyo habari yenyewe. Klabu isipolipa, kinyume cha sheria, angalau mishahara ya miezi miwili katika tarehe zake, mchezaji anahesabiwa kuwa na sababu ya haki ya kuvunja mkataba, ilimradi kwanza aiandikie klabu kuwa inadaiwa na kuipa angalau siku 15 za kutimiza wajibu wake. Neno lenye uzito hapo ni kuandika. Mabeki wengi wa nchi hii hudai kwa simu, wakaambiwa vumilia kijana, wakavumilia, na mwisho wa shauri wakakosa hata karatasi moja ya kumwonyesha mtu. Mawese yasubiri barua ijibiwe, na wakati huo huo mume akumbuke kwamba mkataba wake ukibakisha miezi sita anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine bila kujificha, ilimradi uhamisho wenyewe usubiri siku ya mwisho.

Shabiki wa Bangwe anauliza kama ni haki kumzomea beki wa akiba anapopasha misuli. Si haki, na pia si busara, kwani ndiye mchezaji pekee aliye karibu kiasi cha kusikia kila neno na mwenye muda wa kumtafuta aliyelisema.

Kutoka Ujiji imekuja barua ya mzee ambaye mpwa wake, mtoto wa familia ya Kikongo iliyovuka ziwa na kukaa kambi ya Nyarugusu kabla ya kupelekwa Canada, amempigia simu akitaka ushauri kuhusu beki wa mpira wa magongo wa barafuni, mchezo ambao mzee anaushuku kuwa ni adhabu. Mchezo upo, na tatizo ni lile lile kwa mavazi mazito zaidi. Katika NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, timu huweza kuwa na wachezaji 23 kikosini lakini hupanga 20 kwa mechi, na kwa desturi sita kati yao ni mabeki wanaoingia wawili wawili kwa zamu za chini ya dakika moja, huku beki wa saba akitazama kutoka jukwaani akiwa amevaa suti. Msimu umekuwa wa mechi 82 kwa miaka mingi, magongo na mbao za pembeni huvunja watu, na kwa kuwa jumla ya mishahara ya timu nzima ina kikomo kilichowekwa na ligi, kila senti anayopewa beki wa saba inakatwa kwa mwingine. Mpwa aambiwe kwamba mkataba wa mwaka mmoja kwa mshahara wa chini unafaa, na mjomba atulie, maana wanalipwa.

Barua ya mwisho ni ya kocha wa timu ya Kibirizi, ambaye beki wake wa akiba ni mvuvi wa dagaa. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na mbalamwezi inapowaka taa hazifui dafu, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa kila mwezi mwandamo. Beki huyu basi hupatikana mwezi ukiwa mpevu, na mwezi ukifa huja uwanjani saa tisa akiwa hajalala, akanuka dagaa na kukaba kwa macho. Kwa vile mwezi mwandamo una siku 29 na nusu hivi na ratiba ya mashindano hufuata wiki, hakuna namna ya kuvilinganisha isipokuwa kocha abandike kalenda ya mwezi kando ya ratiba na kusajili beki wa pili asiye mvuvi kwa ajili ya giza. Serikali iliposimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, mabeki wote wa Kibirizi walikuwa huru kwa mazoezi, na timu haikuwa na nauli, kwani michango ilikuwa ikitoka kwenye dagaa hao hao.

Kocha anaongeza kwamba kamati inapendekeza kumlipa gunia moja la dagaa kwa msimu badala ya fedha, na anauliza kama mkataba wa namna hiyo unasimama. Kwa timu ya mtaa isiyo chini ya kanuni za wachezaji wa kulipwa unaweza kusimama, ilimradi uandikwe, ushuhudiwe na mtu asiye mjumbe wa kamati, na useme kama dagaa hao ni wa kichanjani au ni wale walioanikwa mchangani, kwa sababu bei zake hazifanani na beki huyo anazijua kuliko mweka hazina.