Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi: Ombi kuhusu Viungo vya Madaraja ya Chuma

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naomba uniwie radhi kwa kuchukua muda wako, unaogombewa na mambo mengi ya taifa. Mimi ni mkazi wa pwani, na sikuandikii kulalamika. Nakuandikia kwa kuwa jambo hili linaweza kuamuliwa kwa kalamu yako, na kwa kuwa naamini utalisikiliza.

Nazungumzia viungo vya madaraja ya chuma: pale vyuma vya mshazari vinapokutana na vya chini, vikashikwa pamoja na bamba kwa riveti au bolti. Ukijaliwa nafasi ya kuinama chini ya daraja la namna hiyo huku kwetu, utakuta mchanga, majani na kinyesi cha njiwa vimejikusanya kwenye kona ya kiungo, vibichi hata wakati wa kiangazi. Hewa ya chumvi inamalizia kazi. Ukigonga kwa nyundo, kutu inabanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Na kutu, Mheshimiwa, huhitaji nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Ikijipenyeza kati ya mabamba mawili huyasukuma mpaka yakabenuka baina ya riveti. Rangi mpya juu yake hupendeza machoni tu.

Naomba ruhusa nikumbushe yaliyotokea Pittsburgh, Marekani, tarehe 28 Januari 2022. Daraja la Fern Hollow lilianguka asubuhi, basi la abiria likiwa juu yake. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Wachunguzi walikuta kwamba mifereji iliyoziba ilimwaga maji kwenye miguu ya daraja mwaka hadi mwaka, na bamba la kuunganishia katika mguu mmoja likaliwa mpaka likakatika. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakaguzi walikuwa wameyaandika hayo kwenye ripoti zao kwa miaka mingi. Maji yakaendelea kutiririka.

Njia ya kutengeneza kiungo kabla hakijafika huko ipo. Chuma husafishwa kwa mchanga unaorushwa kwa kompresa mpaka king'ae, mashimo ya kutu na mabonde kati ya vichwa vya riveti hujazwa kwa puti ya epoksi, kisha vitambaa vya nyuzi za kaboni hubandikwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka. Nyuzi hizo hubeba mzigo kwa kufuata urefu wake, kwa hiyo kwenye bamba la kiungo, ambako nguvu hutoka pande kadhaa, matabaka lazima yapishane. Uzito wake ni kama sehemu moja ya tano ya chuma cha ukubwa uleule. Fundi hubeba roli la kitambaa begani. Hakuna kutoboa matundu mapya wala kuchomelea chuma cha zamani ambacho kinaweza kupasuka. Uingereza walibandika kaboni mwaka 1999 kwenye Tickford Bridge, daraja la chuma cha kusubu la mwaka 1810, na magari yanapita hadi leo. Wajapani nao wameitumia kwenye madaraja yao yaliyoliwa na kutu.

Nisingependa kukupotosha, Mheshimiwa, kwa kusifu upande mmoja. Kaboni ikigusana na chuma penye unyevu huharakisha kutu ileile tunayoikimbia. Ni lazima kitambaa cha nyuzi za kioo kitangulie kati yao. Gundi nyingi za aina hii huanza kulegea joto likifika nyuzi 50 au 60, na chuma kinachopigwa na jua la adhuhuri la pwani kinaweza kuukaribia ukomo huo, kwa hiyo gundi ichaguliwe kwa hali ya hewa yetu. Bolti zilizokatika hazitibiwi kwa kitambaa, zibadilishwe.

Kwa unyenyekevu mkubwa, basi, naomba uelekeze daraja moja la chuma la ukanda wa pwani lichaguliwe, viungo vyake vipimwe unene bamba kwa bamba, na vile vilivyopungua vitengenezwe kwa njia hii chini ya wahandisi wetu wenyewe, vipimo vikiwekwa wazi kila mwaka. Na kabla ya yote hayo, kama itakupendeza, mifereji ya daraja hilo izibuliwe kabla ya masika.

Wako mtiifu,
Mwananchi wa pwani