Nani Aliyeishusha Sukari ya Mama

Balaa lilitanguliwa na sherehe. Kila asubuhi baada ya sala Mama alijichoma kidole, akasubiri mashine ya sukari imalize kuhesabu, kisha akatangaza namba kwa sauti ili nyumba nzima isikie: saba nukta mbili, sita nukta tisa, sita nukta moja. Kwa mtu aliyezoea kumi na moja na kumi na mbili, hizo zilikuwa namba za kushukuria Mungu. Sukari ilikuwa inashuka, na kila aliyekuwa na mkono wake katika jambo hilo alitaka mkono huo uonekane.

Wa kwanza kudai sifa alikuwa Shangazi. Alitushukia hapa Tanga kutoka Amani, huko juu Usambara Mashariki, na mfuko wa magome ya mdalasini, na tangu siku hiyo akawa anamchemshia wifi yake birika zima kila alfajiri. "Wifi, huu si wa dukani," alisema, "huu nimeubandua kwa mkono wangu." Kaka yangu aliyeko Muscat hakuwa na shaka kwamba kazi ilifanywa na vidonge vyake vya mafuta ya habbasoda, alivyompa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani likizo. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta aliamini karela. Alileta glasi ya maji yake ya kijani, akasimama mlangoni mpaka Mama ameimaliza, akaondoka na glasi yake. Uani kwetu kuna mlonge, na majani yake dada wa kazi aliyaanika kivulini, akayatwanga, akawa anamwekea Mama kijiko kwenye uji. Baba Mdogo naye, akitoka Moshi, alinunua kopo kwa mchuuzi aliyepanda basi pale Segera. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi ya kahawia. Juu yake hapakuwa na jina la kiwanda wala namba yoyote, ila maelezo kwamba ni mizizi asilia inayotibu sukari, presha, uvimbe na upungufu wa nguvu za kiume.

Hakuna aliyejua wenzake wanampa nini, na kwa kiasi gani. Shangazi hakuuliza kuhusu kopo. Baba Mdogo hakuuliza kuhusu karela. Kila mmoja alimpenda Mama kwa upande wake. Na katika mabishano yale yote ya nani kaishusha sukari, sikumsikia mtu akivitaja vidonge vya kliniki, ambavyo Mama amevimeza kwa miaka bila kukosa: metfomini na glibenklamaidi. Hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia. Hulisukuma kongosho litoe insulini, awe mtu amekula au hajala. Ukiimeza na usile, insulini itatoka vilevile, na sukari itakayochomwa ni ile kidogo iliyobaki mwilini.

Jumamosi hiyo Mama alikunywa birika la Shangazi, akamaliza glasi ya jirani, akameza vya kliniki, vya Muscat na vya Segera. Chakula hakukigusa. Karela ilikuwa imemwacha na uchungu mdomoni, akausukuma pembeni muhogo na uji wenye mlonge, akasema atakula mchana. Ilipofika saa nne alikuwa amekaa barazani na ungo, anachagua mchele. Mwanangu wa miaka saba ndiye aliyegundua kwamba Bibi anatupa mchele uani na kubakiza mawe. Akacheka, akidhani ni mchezo. Bibi akamwita kwa jina la marehemu babu yake, akamuuliza kwa nini amechelewa kurudi kazini. Kicheko kikamkauka. Tulipotoka nje kanga ya Mama ilikuwa imelowa jasho, na vidole vinatetemeka juu ya ungo.

Kila mtu alikuwa na jibu. Shangazi alisema ni presha, akaagiza kitunguu saumu kipondwe haraka. Baba Mdogo alisema ni jua, aingizwe ndani alale. Jirani alianza kumsomea dua. Dada wa kazi, binti ambaye katika nyumba yetu haulizwi mambo makubwa, alikwenda kimya akarudi na mashine ya sukari. Ikaandika 2.4.

"Mashallah, imezidi kushuka," alisema Shangazi.

Alisema kwa moyo mweupe, na nataka msomaji amwelewe. Kwa miaka nyumba yetu imefundishwa kuiogopa sukari inayopanda. Mabango ya kliniki, mawaidha ya majirani, simu za kaka kutoka Muscat, vyote viliimba wimbo mmoja: ishusheni. Hapakuwa na aliyetuambia kwa mkazo uleule kwamba kuna sakafu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 tayari ni ndogo mno kwa mgonjwa anayetumia dawa za kuishusha, na ikipita chini ya 3 ubongo unaanza kukosa chakula chake. Hapo ndipo mtu anapochanganya mchele na mawe, mjukuu na marehemu mume. Akicheleweshwa anaweza kuzimia na asiamke.

Alihitaji sukari, na nyumbani hapakuwa na sukari. Shangazi mwenyewe alikuwa ameipiga marufuku: hakuna sukari ya chai, hakuna soda, hakuna hata asali kabatini. Tulifungua kila kopo jikoni, tukakuta chumvi, bizari, unga wa mlonge. Mwanangu alishatumwa dukani, na duka letu Jumamosi linachelewa kufunguliwa. Ndipo dada wa kazi alipoingia chumbani kwake na kutoka na kopo la maziwa ya unga, macho yake chini. Ndani mlikuwa na sukari aliyojinunulia kwa pesa yake, ya chai yake ya usiku, akaificha uvunguni ili asigombezwe. Tulikoroga vijiko vinne kwenye glasi ya maji. Mama bado alikuwa anaweza kumeza, na hilo ndilo lililoturuhusu kumnywesha, maana aliyezimia hatiwi kitu kinywani, hukimbizwa hospitali. Baada ya robo saa mashine ilisoma 4.1, na Mama akauliza kwa hasira ni nani amemwaga mchele wote huu uani.

Baba Mdogo alitaka tuishie hapo. Mgonjwa amepona, bajaji ya nini? Tulikwenda hospitali, na ilikuwa heri, kwa sababu usiku wa manane, Mama akiwa kitandani huko, sukari ilianguka tena, ikabidi atundikiwe dripu. Glibenklamaidi haitoki mwilini upesi, hasa kwa mtu wa umri wa Mama ambaye figo zake zimeanza kuchoka. Glasi moja ya maji ya sukari humwamsha mgonjwa, ila kidonge kinaweza kuendelea na kazi yake usiku kucha.

Daktari alimuuliza Mama anatumia dawa gani. Akajibu, "Za kliniki tu." Hakusema uongo. Kwake mdalasini ni chai, mlonge ni mboga, karela ni ukarimu wa jirani. Tena aliwahi siku za nyuma kutaja mitishamba mbele ya mhudumu mmoja akagombezwa mbele za watu, na tangu hapo akajifunza kunyamaza. Naamini wazee wengi wamejifunza kimya hicho namna hiyohiyo, na kila anayewakaripia anajinyima habari ambayo kesho ataihitaji.

Aliyemfungua mdomo ni muuguzi mtu mzima wa zamu ya asubuhi. Alivuta kiti, akauliza swali jingine kabisa: "Mama yangu, tangu unaamka mpaka unalala, kinapita nini kinywani?" Mama akaanza kuhesabu. Muuguzi akaandika mpaka karatasi ikajaa, kisha akatuambia twende nyumbani tukalete kila kitu. Tulileta beseni zima.

Mfamasia alivipanga mezani kimoja kimoja, na Shangazi akasimama mbele yake tayari kwa matusi. Matusi hayakuja. Alishika gome la mdalasini, akaonyesha jinsi lilivyo jembamba na la matabaka mengi, akasema hilo ni zuri. Lile nene na gumu liitwalo kasia ndilo lenye kumarini nyingi, kitu kinachoweza kuumiza ini mtu akilitumia kwa wingi kila siku. Akasema mitishamba si jambo la kubezwa, Muhimbili wana watafiti wake tangu 1974, na nchi ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Karela inaweza kushusha sukari, mlonge na mdalasini huenda navyo vikaishusha kidogo. "Lakini hapa kuna mikono sita inasukuma mlango mmoja," alisema, "na ndani kuna mtu hajala." Shangazi alilia pale, akashikwa mkono. Mimi nakubaliana na mfamasia kwa moyo wote: anayeamini kwamba jani lina nguvu ya kutibu anapaswa kuliandika pamoja na vidonge, kwa sababu ya nguvu hiyohiyo.

Kopo la Segera ndilo lililombadilisha mfamasia sura. Alieleza kwamba mwaka 2008 huko Singapore watu wasio na kisukari kabisa, karibu wote wanaume, walilazwa kwa sukari kushuka vibaya, na wanne wakafa. Vidonge vya magendo vya nguvu za kiume, vikiwemo vilivyouzwa kama dawa za mitishamba, vilikutwa na glibenklamaidi ndani. Kilichomo katika kopo letu hakuweza kukijua kwa macho. Baba Mdogo, ambaye amri zake kwetu hazikatwi, aliliacha kopo mezani bila neno.

Jioni ile simu zilipigwa, na safari hii kila mtu aliikataa sifa. Kaka alisema habbasoda yake haina nguvu hiyo. Jirani alisema glasi zake zilikuwa ndogo. Hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni kipi kilichomwangusha Mama, na kwa mchanganyiko ule jibu halipatikani. Daktari aliiondoa glibenklamaidi, akabakiza metfomini. Karela ilisimamishwa. Mlonge umebaki mboga, unaliwa na sisi sote. Shangazi ameruhusiwa kikombe kimoja cha mdalasini, baada ya chakula, na yeye mwenyewe ndiye anayekiandika kwenye daftari la kliniki mbele ya namba ya siku hiyo. Dada wa kazi ameongezewa mshahara, na sukari yake ipo kabatini ambapo kila mtu anaiona.

Juzi kaka alipiga simu kusema amepata kitu kipya sokoni Muscat, kizuri kwa miguu inayowaka. Mama akamkatisha: "Piga picha ya kibandiko, mbele na nyuma, mtumie yule kijana wa famasi. Akinyamaza, basi usinitumie."