Tuta la Mchicha

Katika vitabu vya kilimo vilivyoandikwa na watu wa nchi za baridi, bustani huanza theluji inapoyeyuka. Sisi wa Katubuka hatuna theluji wala hayo majira yao ya kuchipua. Tuna vumbi, kisha tuna matope. Katikati yake kuna siku chache za mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ikishaosha anga na moshi wa kiangazi ukaondoka, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo ya ziwa kana kwamba imeletwa usiku. Siku hizo kila mwanamume wa Kigoma hujiona mkulima. Mimi nilijiona Jumamosi, saa moja asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni.

"Mama Zuhura, kuanzia leo nyumba hii hainunui mchicha."

Mke wangu aliendelea kuchambua dagaa. Ningekuwa na akili, ule ukimya wake ungenitosha.

Kijana wetu wa darasa la tano nikamteua kuwa bwana shamba. Tatizo la kwanza lilikuwa kupima tuta, kwa sababu futi yetu iliazimwa mwaka juzi na haijarudi. Nikalala chini chali, kijana akachora mstari kichwani na mwingine miguuni. Upana tukakadiria kwa mikono yangu ikiwa imekunjwa kifuani. Tukalima, tukamwaga samadi, tukainua udongo vizuri ukavimba katikati. Mbegu za mchicha ni ndogo kuliko nukta, na mimi sipendi kufanya kazi nusunusu, kwa hiyo kila tundu nililichimba kwa kidole mpaka kwenye pingili ya pili, nikafukia, nikashindilia kwa unyayo. Mwisho nikaweka matawi ya mchikichi juu yake, mbegu zipate kivuli. Nilisimama barabarani kulitazama. Nikaridhika.

Kesho yake mama muuza mboga alipita. Siku zote husikika tangu kona ya juu: "Mchichaaa! Matembeleee!" Siku hiyo hakuita. Alitua beseni nje, akajifunga khanga ya pili kiunoni, akaingia taratibu.

"Mwanangu, poleni sana. Mbona hamkutuambia?"

Nikadhani ananipa pole ya jembe. "Tumeshapoa, mama. Kazi ilikuwa nzito, lakini jana tulimaliza kabla jua halijazama."

Akashika kichwa. "Mmezika jana? Ni mkubwa au ni mtoto?"

"Ni mchicha."

Wakati huo shilingi elfu mbili ya rambirambi ilikuwa imeshafika mkononi mwa mke wangu. Alimrudishia. Kisha, ili mama wa watu asiondoke na aibu, akanunua mafungu mawili. Marufuku yangu haikumaliza hata siku mbili.

Habari za msiba zikishatoka hazirudi. Jioni alikuja mzee wa nyumba ya chini, kofia imenyooshwa vizuri, akaketi barazani, akasoma dua kwa utulivu kabla sijapata nafasi ya kusema neno. Nilipomweleza, alitafakari, akanywa chai yake, akasema dua haipotei, itakuwa baraka kwa mboga. Waliokuja baada yake niliwapokea wakiwa bado njiani.

Mchicha ukipandwa vizuri huchomoza kwa siku nne, tano. Wangu ulifika siku ya nane bila dalili. Aliyenifariji ni bwana shamba mwenyewe, ambaye shuleni alikuwa amefundishwa habari za meli ya Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mitambo wakiwa wameipaka grisi isiharibike. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina hilo la Liemba.

"Miaka minane chini ya maji, baba, na ikaibuka."

Nikaupa mchicha muda zaidi. Ila grisi sikuwa nimeupaka.

Mama muuza mboga ndiye aliyetoa hukumu. Aliinua tawi, akapekua udongo kwa ukucha, akaniuliza nimefukia kina gani. Nikamwonyesha kidole.

"Hayo ni mahindi, mwanangu. Mchicha hauzikwi. Changanya mbegu na mchanga mkavu au jivu, nyunyiza juu juu, udongo uwe kidogo tu kama chumvi kwenye yai."

Kumbe siku ile ya kwanza hakukosea. Yalikuwa mazishi kweli.

Nikarudia. Nilichanganya na jivu, nikanyunyiza kama chumvi. Nikazungushia chandarua chetu cha zamani kuzuia kuku, ingawa matundu yake yalikuwa yamefikia mahali mbu wanaingia wawili wawili wakiongea. Nikamwagilia kwa kopo lililotobolewa misumari. Nilijisifu kwa kumwagilia pole pole, nisizisumbue mbegu. Usiku huohuo mvua ikaja kutoka ziwani na haikuwa na adabu hiyo. Asubuhi tuta lilikuwa limelala sawasawa na uwanja. Mfereji mwembamba, wenye rangi ya jivu, ulipita chini ya chandarua, ukazunguka jiko, ukateremka kwa jirani wa chini.

Nikarudisha jembe stoo. Kuhusu mchicha hakuna aliyesema neno nyumbani, na mama wa mboga akaanza tena kuita tangu kona ya juu.

Wiki ya nne, mjukuu wa yule mzee alibisha hodi akiwa amekumbatia fungu kubwa, majani mapana, shina laini.

"Shikamoo, baba. Bibi anasema mchicha umejiotea nyuma ya jiko, umejaa mpaka njiani. Na ninyi mle."

"Marahaba," nikasema. Zaidi ya hapo sikuwa na neno.

Mke wangu aliupokea kwa mikono miwili, akatuma shukrani ndefu kwa bibi. Akauunga kwa mawese, ukaliwa na ugali wa muhogo na dagaa. Nikala sahani mbili, macho yangu yakiwa sahanini.

"Mbegu nzuri," alisema Mama Zuhura, akinimiminia maji ya kunawa.