Namna ya Kuziba Mshipa Mjini Mombasa

Ukiwa na haraka ya kugandisha damu mahali isipotakiwa kuganda, huna haja ya kuvuka kisiwa. Asubuhi mahamri, jioni viazi karai vya Mji wa Kale, katikati chai ya maziwa iliyozidi sukari. Sigara ifuate. Presha usiipime hata siku moja. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi twaiita Makadara, iko humu humu kisiwani, lakini wewe huumwi.

Kisha ngoja miaka. Ukuta wa ndani wa ateri ukishachubuliwa na moshi na presha, lehemu hupenya chini yake. Seli nyeupe huja kuisafisha, zikaila mpaka zikajaa mafuta na kufia papo hapo. Pakazuka uvimbe wenye ngozi nyembamba, wala hauumi. Siku ngozi ile ikipasuka, damu hugusa vilivyofichwa chini yake, mwili ukadhani umekatwa. Chembe sahani hukimbilia pale na kunatana. Thrombini huikata fibrinojeni, protini iliyokuwa imeyeyuka kwenye damu, ikawa nyuzi za fibrini zilizofumana kama juya. Mtambo huohuo ndio uliokuokoa juzi kisu cha kuparia samaki kilipokuteleza.

Ukiona njia hiyo ndefu, tumia kidonda. Hasa wewe mwenye sukari, ambaye miguu imeshakufa ganzi: tembea pekupeku, wala nyayo usizikague. Ukijikata, paka unga wa kahawa, funga kitambaa cha jikoni. Ataingia stafilokoka, bakteria ambaye watu kama 3 kati ya 10 huishi naye puani bila kumjua. Na hapa mimi huduwaa kila nisomapo. Mdudu huyu hutoa protini iitwayo koagulase, ikaishika prothrombini yako, ambayo mwili huiweka imelala, na kuiamsha bila hata kuikata. Fibrini yako mwenyewe humzunguka, na seli nyeupe zinazomwinda zikashindwa kumfikia. Streptokoka hufanya kinyume: huyeyusha damu iliyoganda apate njia ya kusonga mbele. William Tillett alieleza uwezo huo mwaka 1933, na humo ikapatikana streptokinase, dawa iliyozibua mishipa ya moyo ya watu wengi duniani.

Hatua ya mwisho ndiyo inayoniuma, kwa sababu nyumba zetu nyingi zaijua. Mdomo wa babu ukipinda na mkono ukalegea, semeni kapigwa na upepo mbaya. Msingeni mafuta, kisha mngojeni mwanawe avuke feri kutoka Likoni. Mpeni na aspirini ya jirani, kwani yeye ilimfaa alipobanwa kifua, bila kujua kama mshipa wa kichwani umeziba au umepasuka. Skani ya kichwa ndiyo itakayowaambia, na aliyepasuka mshipa aspirini humzidishia balaa. Kiharusi cha kuziba kina dawa ya kuyeyushia, ila kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili ya kwanza. Kwa hivyo saa msiitazame kabisa. Daktari akiuliza mdomo ulianza kupinda wakati gani, mmoja ajibu, “Baada ya adhuhuri,” na mwenzake aseme, “La, mbona tangu asubuhi?”