Yah: Pongezi kwa Ushindi wa Kidole Gumba

Kwa Idara ya Utawala na Rasilimali Watu, popote penye mashine ya alama za vidole.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Hongereni: saa 1:30 asubuhi foleni imeshajipanga mlangoni, vidole vinasomwa, na kila mtu anahesabika yupo kazini. Kwamba saa nne koti liko kitini na mwenyewe yuko chai, au mwananchi kaambiwa mtandao unasumbua arudi kesho, hayo mashine haikununuliwa kuyafuatilia. Mlitaka mahudhurio, mmeyapata.

Wapo wakorofi watakaowatajia kiwanda cha magari cha Fremont, California, ambacho General Motors walikifunga mwaka 1982 kikinuka utoro na magari mabovu. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, na wengi walioajiriwa walikuwa walewale, chini ya chama kilekile cha wafanyakazi. Utoro ukashuka, ubora ukapanda. Wavivu hao walipona vipi? Zamani kazi haikusimama hata gari likipita na kasoro. Sasa kila fundi alikuwa na kamba ya kuvuta akiona tatizo, na kiongozi wa kikundi akaja kusaidia badala ya kutafuta wa kulaumu. Mauzo yaliposhuka baadaye, hawakupunguzwa, walipelekwa mafunzoni. Na msisingizie mishahara, maana GM nao hawakuwa walipaji wabaya.

Mtasema halmashauri si Toyota, na mtumishi asipobanwa anaharibu. Mtatukumbusha mwaka 2017, watumishi wa umma 9,932 walipobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Kweli kabisa, ila waliibuliwa na uhakiki wa vyeti, si na fomu za OPRAS za kupima utendaji, zilizoanza kujazwa mwaka 2004. Ukaguzi humwondoa tapeli (kazi njema). Haumpi aliyebaki sababu ya kuhangaikia faili la mtu asiyemjua. Sababu hiyo huipata akiona maoni yake yamebadilisha kitu, na hapo ndipo ofisi zetu zina ubahili wa ajabu.

Kwa hiyo, kabla hamjaagiza mashine ya kusoma na uso, tunaomba jambo lisilohitaji zabuni: karani akisema kikaoni kwamba fomu mpya ina kosa, fomu irekebishwe, naye asiandikiwe barua ya kujieleza.

Wenu katika ujenzi wa taifa.