Njia Saba za Kusaka Kodi za Gitaa za Benga ya Ukambani, Kutoka Mbovu Hadi Bora

Kuna ugonjwa unaowapata vijana wenye gitaa kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei. Mgonjwa husikia wimbo wa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, au wa Peter Mwambi na Kyanganga Boys, akaacha chakula kipoe na kuanza kupapasa nyuzi. Anataka kodi za wimbo, na anazitaka kabla ya harusi ya Jumamosi. Tiba ziko saba. Tumezipanga kuanzia ile ya kukuaibisha hadi ile ya kukuletea mialiko.

7. Kuvizia redio

Umekaa Kitui mjini, gitaa mapajani, unaomba stesheni irudie wimbo ule. Wanaurudia. Solo inapoanza tu, mtangazaji anawasalimia watu wa Mutomo, Zombe na Kyuso, mmoja baada ya mwingine, na shemeji zao. Salamu zikiisha, wimbo nao umeisha.

*Hukumu: kodi moja, shemeji kumi na wanne.*

6. Kuzitafuta intanetini zikiwa zimeandikwa

Andika jina la wimbo wa Kikamba uone. Utaletewa Bob Marley, tenzi za Kiingereza, na bwana mmoja wa Ulaya anayefundisha "Malaika" akiwa na kapo na tabasamu. Wazee wa benga hawakuandika kodi. Walifundishana kwa kutazamana mikono, na asiyetaka kuibiwa alikugeuzia mgongo.

*Hukumu: utarudi na wimbo, ila si ule uliokwenda kuutafuta.*

5. Programu ya kutaja kodi

Hapa ndipo wengi hukimbilia. Unaipa Chordify wimbo, inakupangia visanduku vya kodi, nawe unajiona umemaliza kazi. Ngoja kidogo.

Programu za aina hii huukata wimbo vipande vidogo vya sekunde, hupima nguvu ya kila sauti, kisha huzikusanya sauti zote, za juu na za chini, katika makapu 12, moja kwa kila noti. Takuya Fujishima alieleza mbinu hiyo mwaka 1999 akiwa Chuo Kikuu cha Stanford. Halafu mashine huuliza: makapu yaliyojaa yanafanana na kodi gani?

Swali zuri kwa mtu anayekwaruza nyuzi zote sita kwa pamoja. Mpiga benga hakwaruzi, anadonoa. Solo hupenda kupita na noti mbili zinazokwenda sambamba, ridhimu inajibu kwa zake, besi inaruka chini. Kodi inabebwa na watatu kama sufuria ya muthokoi ya harusi: ukimpiga picha mmoja peke yake, huoni kilichobebwa. Solo ikipiga E na G, je, hiyo ni C au ni Em? Noti hizo mbili zimo katika kodi zote mbili. Ikipiga B na D, ni G au ni Bm? Mashine hukisia, na ikikisia vibaya, wimbo wa kuchekesha unageuka wa matanga.

Tusiilaumu sana. Kwa miaka mingi mtihani mkuu wa programu hizi ulikuwa nyimbo 180 za Beatles, zilizoandikiwa kodi na mtafiti Chris Harte wa London. Mwanafunzi aliyesomea Liverpool usimtegee swali la Mbooni.

*Hukumu: shahidi aliyekuwepo, ila alisimama mbali.*

4. Programu ya kutenganisha vyombo

Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa Spleeter bure, na siku hizi zipo nyingine kama Moises. Unaipa Spleeter wimbo, inaweza kukurudishia mafungu manne: sauti za watu, ngoma, besi, na "vinginevyo".

Umeona tatizo? Katika benga, solo na ridhimu zote ni gitaa, na zote hutupwa kwenye "vinginevyo". Magwiji wawili wa gitaa wamewekwa gunia moja na makelele ya santuri. Lakini fungu la besi, ndugu yangu, ni dhahabu. Litunze, tutalihitaji.

*Hukumu: mgawanyo usio wa haki, ila mpiga besi hana malalamiko.*

3. Kupunguza mwendo

YouTube hukuruhusu kushuka hadi 0.75 au 0.5 bila kushusha kii ya wimbo, na Audacity hufanya hivyo bure kwenye kompyuta. Solo iliyokupita mbio sasa inatembea, nawe unaweza kuhesabu vidole vyake.

Lakini kwanza pima kama rekodi yenyewe inasema kweli. Benga nyingi ya miaka ya 1970 na 1980 imetufikia kutoka santuri za mizunguko 45 na kaseti zilizonakiliwa juu ya kaseti. Mashine ikienda polepole kwa asilimia 6 hivi, wimbo mzima hushuka nusu toni. Programu ikikuambia wimbo uko F kali, usianze kukunja vidole kwa uchungu. Yamkini mzee alipiga G kwa raha zake, betri za redio iliyoicheza kaseti wakati wa kunakili ndizo zilizochoka.

*Hukumu: ikisikika kii ya ajabu, shuku kaseti kabla ya kumshuku mzee.*

2. Do-re-mi ya kwaya

Africa Inland Mission ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, Makueni ya leo, mwaka 1895. Tangu enzi za misheni, Ukambani hakujakosekana watu wanaosoma do-re-mi vizuri kuliko wanavyosoma gazeti. Mtafute mmoja. Hajali kama wimbo uko G au F kali. Atakuambia, "Umeanza do, umekwenda fa, umepanda so, umerudi nyumbani." Hizo ndizo kodi tatu zinazobeba sehemu kubwa ya benga, na sasa unaweza kuzipiga kwenye kii yoyote ambayo mwimbaji wenu ataamka nayo.

*Hukumu: bei yake ni kuhudhuria mazoezi ya kwaya mpaka Pasaka.*

1. Sikio, likianzia chini

Achana na solo. Najua ni tamu, ndiyo maana inakupoteza. Chukua lile fungu la besi, liimbe kwa mdomo kabla ya kugusa gitaa. Besi ya benga haitulii, basi usifuate kila inaporuka. Sikiliza noti inayorudi kila mzunguko unapoanza upya: hapo ndipo nyumbani. Kisha sikiliza inapohama.

Kodi tatu hata programu ingezipata. Kazi ni *lini*. Gitaa zinaweza kuhama kabla mwimbaji hajamaliza neno, na ukichelewa nusu pigo, wachezaji watajua hata kama hawajui kwa nini. Waimbaji wakinyamaza na gitaa zikishika usukani, mzunguko mara nyingine hufupishwa, kodi zikabaki mbili tu, zikipokezana kwa kasi. Majina ni yale yale, vumbi ndilo linaloongezeka.

*Hukumu: bure, haihitaji bando, na haifanyi kazi ukiwa unaongea.*

Mpango basi ni huu: namba 4 ikupe besi, namba 3 iitulize, namba 2 iitaje, namba 1 iamue. Namba 5 iite mwisho, kama shahidi tu. Ikishikilia kwamba ni Em, mwulize mpiga besi wenu. Asipojua naye, bendi haina shida ya kodi. Ina shida ya mpiga besi.